Kwato za Chausiku: kisa cha punda wa mashine ya kusaga, Pongwe

Punda jike, umri miaka kumi na kitu, uzito kilo 160 hivi kwa kipimo cha utepe kifuani. Kazi yake ni kubeba mahindi ya wateja kwenda mashine ya kusaga, kurudisha unga, na jioni kuchota maji. Anaishi Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga kwenye barabara ya kwenda Muheza, mahali penye mawe ya chokaa na njia za ndani zilizojaa kokoto. Tulipoitwa, mwishoni mwa vuli, alikuwa hawezi kutoka bandani hadi kwenye ndoo ya maji bila kusimama njiani. Mwenye punda, mzee mwenye wajukuu, alituambia kwa simu kwamba "anachechemea kidogo."

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu moja. Kisu, tupa na dawa vilipatikana bila shida kubwa. Kilichokuwa kigumu kupatikana ni mapumziko, maana nyumba nzima ilikuwa inakula kwa mgongo wa punda huyu, na kwato za namna hii haziponi zikiwa kazini.

Kabla ya kumgusa nilimtazama kwa mbali. Punda akiona mgeni anamkaribia hujikaza na kuficha maumivu, kwa hiyo dakika chache za kumtazama akiwa hajashtuka zina faida kuliko kumkimbilia na kamba. Miguu ya mbele alikuwa ameitanguliza mbele sana, ya nyuma ameiingiza chini ya tumbo, mwili wote ameuegemeza nyuma. Kila baada ya muda aliinua ukwato wa kushoto, akautua, akainua wa kulia. Masikio yalikuwa yamelala pembeni. Mbele yake palikuwa na karai la pumba na alikuwa anakula, na hilo ndilo lililomfanya mzee aamini kwamba hali si mbaya. Punda anaweza kuwa na maumivu makali na bado akaendelea kutafuna. Ukisubiri agome kula ndipo uamini anaumwa, umechelewa.

Kwato za mbele zilikuwa ndefu, ncha zimepinda juu kama omo ya ngalawa. Kwenye ukuta wa ukwato kulikuwa na pete, na pete hizo hazikwenda sambamba: mbele zilibanana, kisiginoni ziliachana. Hiyo ni alama ya kuiamini. Ukwato unaokua sawasawa huota kwa kasi moja pande zote. Pete zikibanana mbele na kupanuka nyuma, ujue ndani kuna kitu kimezuia ukuaji wa mbele kwa miezi kadhaa, si kwa juma moja. Wayo, ambao kwa kawaida una kabonde, ulikuwa bapa, na mbele ya ile sehemu laini ya pembetatu ulikuwa umetuna kidogo. Mstari mweupe unaounganisha wayo na ukuta ulikuwa umepanuka hata kidole kidogo kingeingia, umejaa matope meusi yenye harufu. Ukwato wa kushoto ulikuwa wa moto mkononi kuliko wa kulia, na mapigo ya damu nyuma ya mguu, juu kidogo ya ukwato, yaligonga vidole kwa nguvu. Kwa punda mzima mapigo hayo unayatafuta kwa shida.

Juu ya vifundo vyote viwili vya mbele kulikuwa na mistari ya makovu. Alikuwa amechomwa chuma cha moto. Mtaani ilishasemwa kwamba ni mwiba, kisha kwamba mshipa umejivuta, kisha kwamba kuna mtu ana mkono wake, na fundi mmoja akaja na chuma chake "kuutoa ugonjwa." Halafu kwato zikapakwa oili chafu ya gari. Sina ukali na mzee kwa hilo, alifanya alichoambiwa na watu anaowaamini. Lakini lazima lisemwe wazi: kuchoma ngozi ya kifundo hakufiki ndani ya ukwato. Kunaongeza kidonda juu ya maumivu yaliyopo, na kidonda chochote kwa punda ni mlango wa pepopunda, ugonjwa unaowaua wanyama wa jamii hii kirahisi mno. Oili chafu nayo huunguza ngozi na haitibu kitu.

Tukamuuliza mzee historia taratibu, na hapo mjukuu wake, kijana aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, ndiye aliyetoa jambo la maana. Wakati wa mavuno ya masika, kwenye mwezi wa saba, Chausiku alikata kamba usiku akaingia stoo ya mashine. Asubuhi walimkuta ameshapasua gunia la pumba na kula mahindi ya mteja. Siku mbili tatu baadaye akawa mzito wa kutembea, akapewa mapumziko ya siku chache, akarudi kazini. Tena malipo ya kazi yake mara nyingi yalikuwa ni pumba zenyewe: mwenye mashine anampa mzee pumba, mzee anampa punda. Alikuwa amelishwa vizuri kwa mapenzi ya dhati, na shingoni mafuta yalikuwa yamejaa mpaka yameanza kuelemea upande mmoja.

Ugonjwa wake ulikuwa umeingilia mdomoni. Mfupa wa mwisho wa mguu wa punda, kama wa farasi, uko ndani ya ukwato, na watu wengi hudhani umekaa juu ya wayo. Kwa kweli umening'inia. Umeshikwa kwenye ukuta wa ukwato na mamia ya mikunjo midogo ya nyama hai iliyopachikana na mikunjo ya ukuta. Punda akila wanga mwingi kwa mkupuo, wanga huo hufika utumbo mpana bila kusagwa, ukachacha, na sumu zikaingia kwenye damu. Punda mnene naye, anayelishwa pumba kila siku, insulini yake hupanda na kubaki juu. Kwa njia zote mbili ile mikunjo huvimba na kulegea. Hapo kano kubwa inayopita nyuma ya mguu inauvuta mfupa, uzito wa mwili unausukuma chini, na ncha yake inageuka kuelekea wayo. Madaktari wanauita laminaitisi. Kwa kuwa miguu ya mbele hubeba karibu asilimia 60 ya uzito, mara nyingi huko ndiko unakoanzia. Kokoto za Pongwe zilimalizia tu kazi, na matope ya vuli yakaingia kwenye ufa uliokwisha kufunguka.

Eksirei ingetuonyesha mfupa umegeuka kiasi gani, lakini kumpakia punda wa hali hii kwenye gari hadi chuo kikuu cha Sokoine, Morogoro, kungekuwa kumtesa. Tukafanya uamuzi kwa macho na mikono.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kama atibiwe au auawe kwa huruma. Nasisitiza tulianza na hilo, kwa sababu wengi huliacha mpaka mnyama ameshateseka. Daktari wa mifugo tuliyefuatana naye alimweleza mzee waziwazi: mfupa ukitoboa wayo, punda akilala asiamke, dawa zisipotuliza maumivu, au akiacha kula, tusimburuze. Chausiku hakuwa amefika huko. Wayo ulikuwa umetuna lakini mzima, anaamka mwenyewe, joto la mwili lilikuwa karibu nyuzi 37, ambalo ndilo la kawaida kwa punda, na anakula. Walikuwepo pia waliosema auzwe. Ngozi za punda zina wanunuzi wa magendo kwa ajili ya ejiao, dawa inayotengenezwa China, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliridhia marufuku ya miaka 15 ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Mzee mwenyewe hakutaka hata kulisikia hilo. Alisema Chausiku alizaliwa uani kwake, usiku, na yeye ndiye aliyemfuta.

Kazi ya siku ile ilikuwa jipu. Kwa kubana ukwato wa kushoto kwa koleo la kupimia, kidogo kidogo kuuzunguka wote, tulipata sehemu moja mbele ambapo alishtuka na kuvuta mguu. Watu wakarudi nyuma wakitaja methali ya mateke. Sipendi inavyotumika. Punda aliyeumia miguu yote miwili ya mbele, ukimwinua mmoja unamlazimisha abebe mzigo wote kwa ule mwingine unaouma vilevile. Tulimsimamisha kwenye mchanga mwingi chini ya mwembe, mjukuu akamshika kichwa na kumkuna chini ya sikio, na mguu ukainuliwa kidogo sana kutoka ardhini, kwa muda mfupi, ukatuliwa, ukainuliwa tena. Hakupiga teke hata moja.

Tulisafisha ule mstari mweupe mpaka ukaonekana mfereji mweusi mwembamba unaoingia ndani. Tukaufuata kwa ncha ya kisu cha kwato, tukikwaruza badala ya kuchimba. Ghafla ukatoka majimaji ya kijivu, yakaruka kwa msukumo, na harufu yake ikamfanya mzee ageuze uso. Tundu tuliloliacha lilikuwa dogo, la kutosha usaha kushuka tu. Nimeona kwato zilizochimbwa shimo kubwa kwenye wayo kwa nia njema, na nyama ya ndani ikasukumwa nje kupitia shimo hilo. Baada ya hapo ukwato ukalowekwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, ukapakwa aiodini, ukafungwa kwa pampasi ya mtoto, juu yake kipande cha mpira wa ndani wa tairi, na tepu pana kuzunguka. Pampasi inanyonya, inakaa vizuri kwenye ukwato, na duka lolote la mtaa linayo. Akachomwa sindano ya kinga ya pepopunda. Daktari akaandika dawa ya maumivu, fenilbutazoni, na akasisitiza isitolewe kwa mpangilio wa farasi: mwili wa punda huiondoa haraka zaidi, kwa hiyo dozi ya farasi ya mara moja kwa siku humwacha punda akiumia nusu ya siku.

Mtu mmoja alileta mrututu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu. Unasaidia kukausha uozo wa juu, lakini ukigusa nyama hai unaiunguza. Tukauacha.

Chini ya wayo, nyuma ya ncha, tulimwekea vipande vya soli ya kandambili nene vilivyokatwa kufuata umbo la ukwato, ili uzito ukalie sehemu ya nyuma na ncha ya mfupa ipumue. Kesho yake alikuwa amesimama miguu ikiwa chini yake zaidi, na masikio yameinuka. Mzee aliona nafuu hiyo, akauliza swali nililokuwa nalitarajia.

"Mwanangu, si ameshapona? Nikimpumzisha huyu, mimi na bibi yako tutakula nini?"

Ningeweza kumtajia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Ipo, na ina maana yake. Lakini mzee akiogopa atamficha punda, na punda aliyefichwa hatibiwi. Nilimwambia ukweli wa hesabu: ukuta wa ukwato huota milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Ule ulioshikana na mfupa vibaya hauwezi kugandishwa upya. Lazima uteremke na kukatwa, huku mpya ukiota kutoka kwenye mstari wa nywele. Hiyo ni karibu mwaka mzima, na miezi ya mwanzo asibebe kitu kabisa.

Tulikaa chini na familia: mzee, bibi, mjukuu, na mwenye mashine akaitwa. Kikao kile kilimfaa punda kuliko sindano yoyote. Mwenye mashine akakubali kumwazima mzee mkokoteni wa kusukuma, na mjukuu akawa anausukuma kwa mizigo ya karibu. Mizigo ya mbali ikapewa punda wa jirani, kwa kugawana malipo. Bibi akakopa kwenye kikoba chake. Maji yakaletwa kwa baiskeli. Mapato yalipungua, na sitaki mtu asome hapa akadhani nyumba ile haikuumia. Bibi aliacha kuuza maandazi kwa muda kwa kukosa mtaji, na hilo lilimkera, na alilisema mbele yetu.

Jambo lililotengemaa vizuri kuliko yote ni pumba. Tanga ina wafugaji wengi wadogo wa ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe wa maziwa anazitaka pumba. Mzee akawa anampelekea mfugaji mmoja pumba zake, naye anapewa nyasi zilizokatwa na kukaushwa. Kwa mpango huo chakula kibaya cha punda kikageuka chakula kizuri bila shilingi kutoka mfukoni. Tulikadiria chakula kikavu cha asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo mbili na nusu hivi, kilichogawanywa mara nyingi, pamoja na mabua ya kutafunia na chumvi ya kulamba.

Pumba zilipunguzwa taratibu, hazikukatwa ghafla. Hapa pana hatari yake. Punda mnene mwenye maumivu akinyimwa chakula, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake yote kwa pamoja, damu inajaa mafuta, ini linazidiwa, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Wapo waliokwisha kuua punda kwa kumfungisha kwa nia ya kumpunguza unene. Mjukuu alipewa kazi ya kuangalia kila asubuhi kiasi gani kimebaki horini, na akiona kimebaki kingi apige simu siku hiyohiyo.

Kukata kwato tulianza baada ya jipu kukauka. Tamaa ya kwanza ya kila anayeona omo ile ni kuikata yote kwa siku moja apate ukwato mzuri wa kupigia picha. Kano ya nyuma ya mguu ilikuwa imezoea urefu ule kwa miezi, na wayo ulikuwa mwembamba. Tuliirudisha ncha ya ukwato kwa tupa kutokea mbele, bila kugusa wayo hata kidogo, na visigino vikashushwa kidogo tu kila mara. Mwanzoni kila wiki tatu au nne, baadaye kila wiki sita hadi nane. Ukwato wa punda husimama wima zaidi kuliko wa farasi, kwa hiyo fundi aliyezoea picha za farasi akiulaza ufanane na hizo atamharibia punda mwendo. Tulichofuata ni mstari mmoja tu: uso wa ukwato uende sambamba na mfupa ulio juu yake.

Mjukuu alikuwa anapiga picha kwa simu, rula imesimamishwa pembeni, kila tulipomaliza. Ilipofika kaskazi imekolea, ardhi imekauka, picha zikaonyesha kitu ambacho jicho la kila siku lisingekiona: chini ya nywele kulikuwa na ukanda mpya wa ukuta, laini, usio na pete, unaoteremka kwa pembe tofauti na ule wa zamani. Palipokutana viwili hivyo palikuwa na kunja la wazi. Kuanzia siku hiyo mzee hakuuliza tena lini atarudi kazini. Aliuliza kunja limefika wapi.

Masika yalituletea msukosuko. Majani mabichi yaliota mpaka mlangoni, na mtoto wa jirani, kwa huruma, akawa anamkatia. Majani machanga ya mvua yana sukari nyingi. Kwato zikapata joto tena, mapigo yakarudi, ingawa hafifu. Kwa kuwa mjukuu alishajua kuyapapasa asubuhi na jioni, tuliitwa kabla hajaanza kuchechemea. Akarudishwa kwenye mchanga, nyasi kavu, dawa kwa siku chache, na uzio wa fito za mkonge ukawekwa kuzunguka banda. Njia ya kwenda bandani nayo ikainuliwa kwa kifusi ili asisimame kwenye tope.

Leo Chausiku anatembea bila kuchechemea kwenye mchanga na udongo. Kwenye kokoto bado anachagua pa kukanyaga. Ukwato wa kulia umerudi karibu na umbo lake. Wa kushoto umebaki na wayo mwembamba mbele, na nadhani utabaki hivyo. Anabeba madumu mawili ya maji kwa njia ya mchanga, asubuhi tu, na magunia ya mashine hayabebi tena. Mkokoteni wa kusukuma umebaki kwa mzee kwa makubaliano mapya. Ugonjwa huu ukimpata punda mara moja humwachia udhaifu wa maisha, kwa hiyo ule uzio na zile nyasi kavu ni vya kudumu.

Kuna jambo ambalo mimi na mzee hatujakubaliana. Anataka Chausiku apandishwe, apate mtoto wa kurithi kazi. Mimi nimemwomba asubiri kwato zipite masika moja nzima bila kupata joto, kwa sababu mimba ya punda huchukua mwaka mmoja hivi, na uzito wa miezi ya mwisho utakuwa unakanyagia wayo uleule wa kushoto. Yeye anasema umri unakwenda. Ana hoja. Daktari atampima tena tutakapokata kwato mara ijayo, na hapo tutaliamua pamoja na bibi na mjukuu, ambaye sasa ndiye mwenye tupa.